Kidole cha Jemadari

Kwanza ieleweke hivi: Jemadari hakuwa mwongo. Ukimuuliza umri atakutajia, hamsini na tatu, bila kupunguza hata mwezi. Ukimuuliza kama nguo uliyovaa imekukaa, atakwambia ukweli mpaka urudi ndani ukabadilishe. Lakini kwenye ile mashine ya taa ya kupimia macho alidanganya miaka mitatu mfululizo, tena kwa ustadi, na kibaya zaidi akawafundisha wenzake.

Alikuwa dereva wa foko kwenye ghala la vigae. Foko ni kile kigari kifupi chenye meno mawili marefu ya chuma mbele, kinachobeba mzigo na kuupandisha mpaka rafu ya juu kabisa. Miaka kumi na tisa aliiendesha, mwanamke peke yake kati ya wanaume saba, na jina la Jemadari walimpa wao wenyewe siku alipomrudisha dereva wa lori getini kwa sababu tu ameingia bila salamu. Kigae kikipasuka zamu yake, basi ujue kilitoka kiwandani kimepasuka.

Kila mwaka kampuni iliwapeleka madereva wote kupimwa macho. Herufi za ukutani hazikumsumbua, hata mistari ya chini alikuwa akiisoma kama anasoma jina lake. Shida ilikuwa chumba cha pili. Huko unaegemeza kidevu, unazibwa jicho moja, unatazama doa moja tu katikati ya bakuli kubwa jeupe, halafu vitaa vidogo vinawaka huku na huku pembeni, na kila ukiona kimoja unabonyeza kitufe. Hakuna kusoma wala kujieleza. Ni wewe na kidole chako.

Dakika mbili za kwanza za mwaka wa kwanza alibonyeza kwa uaminifu, akawa anashangaa mbona mashine imekaa kimya muda wote huo. Kisha akaelewa kwamba haikukaa kimya. Ilikuwa inawasha taa, yeye haoni. Moyo ukampasuka, maana alijua hiyo ni nini. Baba yake alikuwa na presha ya macho, glakoma kwa jina la hospitali, ugonjwa unaoyala macho kuanzia pembeni, bila maumivu na bila hodi, mpaka siku unapogundua umebakiwa na tundu la katikati. Baba alikataa dawa, akakataa kisu, akamaliza miaka kumi na moja akishikwa mkono kupelekwa chooni. Aliyemshika mkono ni Jemadari, enzi hizo binti wa miaka ishirini, na aliapa kwamba yeye hatashikwa mkono na mtu.

Sasa wewe utasema, kama anaogopa upofu, si amwambie daktari? Haya, nenda kamwambie Jemadari wewe, uone atakavyokujibu. Kwa hesabu yake, ile karatasi ikitoka na madoa meusi, wa kwanza kuisoma ni meneja, na kesho yake foko anapewa mtu mwingine. Basi akatega sikio. Mtu aliyeishi na injini miaka yote hiyo hashindwi kuisikia mashine. Akagundua kwamba kabla ya kila taa kuna mlio mdogo ndani ya bakuli, krr, kisha taa. Akaacha kutafuta taa, akaanza kufuata krr. Na kwa kuwa alishasikia kwamba mashine huwatega watu kwa kulia bila kuwasha kitu, kila baada ya milio saba au minane aliuacha mmoja upite, aonekane mtu mkweli aliyechoka kidogo. Karatasi ikatoka safi.

Ungedhani angenyamaza nalo. Wapi. Mchana ule ule, kibandani walipokuwa wakinywa chai, akawakalisha wenzake kitako na kuwafundisha kwa kugonga kijiko kwenye kikombe. Kwa madereva wale kupima macho kulikuwa vita vyao na ofisi, hakukuwa na uhusiano wowote na macho. Mwenzao mmoja alishaondolewa kwa karatasi ya hospitali, akafungasha virago mchana kweupe, na tangu siku hiyo waliapa hatoki mwingine. Basi wakajifunza krr ile, wakafaulu wote, na Jemadari akatembea kifua mbele mwezi mzima.

Mwaka wa tatu akaja daktari mpya, mwanamke kijana, mpole wa sauti lakini mgumu kama kufuli. Huyu hakuridhika na taa. Aliipima presha yenyewe ya jicho, na hiyo huwezi kuidanganya kwa kidole. Kushoto ishirini na tisa, kulia ishirini na sita. Akampa matone. Miezi minne baadaye presha ilikuwa pale pale.

"Mama, matone unayaweka?" daktari aliuliza.

"Nayaweka nikiyakumbuka."

"Na unayakumbuka lini?"

"Siku za kuja kwako."

Daktari alicheka bila kutaka, kisha akavuta kiti karibu. Akamweleza kwamba ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka kila siku, na kwake yeye njia ya kutokea imeziba, ndiyo maana presha inapanda na kuukandamiza mshipa wa kuonea. Upo upasuaji mdogo, akasema. Tundu la milimita mbili pembeni mwa kioo cha jicho, halafu kibomba kinaingizwa kwenye njia ile ya maji, kidogo hivi kwamba ukikiweka juu ya ukucha utadhani ni vumbi. Jicho linatiwa ganzi ya matone, mgonjwa yuko macho, anaingia asubuhi na mchana yuko kwake.

"Lakini huo ni wa mtu ambaye ugonjwa haujafika mbali," daktari aliendelea. "Unashusha presha kiasi tu. Jicho lililoliwa sana linataka upasuaji mkubwa, wa kufungua njia mpya kabisa, na wiki kadhaa za kuliuguza. Wewe mtihani wako wa taa ni mzuri. Sikufichi, huu mshipa wa kushoto haunipendezi, nimeutazama mara mbili. Ila nitaufuata mtihani."

Jemadari alitoka pale kichwa juu. Kibomba cha vumbi. Atalala kitandani nusu saa, arudi kwenye foko yake, na ugonjwa uliommaliza baba yake ubaki umetoa macho. Nyumbani, binti yake, msusi mwenye mdomo kama wa mama yake, hakufurahi hata kidogo.

"Watu wanaingia huko na macho, wanatoka hawana," binti alisema. "Kaa nyumbani, mama. Mimi nitakulisha."

"Utanilisha nini, nywele za bandia?"

"Mimi sitanii."

"Na mimi sitanii. Nikikaa hapa utanipangusa vumbi pamoja na kabati. Upasuaji ni Jumatano, na nitakwenda."

Zikabaki siku nne. Jumamosi hiyo, kwenye ujia wa nne wa ghala, alikuwa anashusha paleti, kichaga cha mbao kilichopangwa vigae vya bafuni. Akaiweka chini, akarudi nyuma, akakata kona kushoto kama alivyoikata maelfu ya mara, na hamadi, akasikia mtu anaita jina lake. Akakanyaga breki mpaka kiti kikamrusha. Pale kushoto, jino la chuma lilikuwa limechoma koti la kazi la Taratibu na kulibana kwenye katoni, na Taratibu mwenyewe alikuwa ndani ya koti, mzima.

Taratibu alikuwa dereva mwenzake, mtu mzima wa miaka hamsini na minane, waliyempa jina hilo kwa sababu foko yake haikuwahi kukimbia. Hakumlaumu. Alijichomoa kwenye koti mkono mmoja mmoja, akakaa juu ya katoni.

"Kosa langu, dada," alisema. "Nilikuwa natembea hovyo. Hata sikukuona."

Lakini Jemadari alijua kosa ni la nani. Alikaa kwenye kiti akilitazama lile koti lililoning'inia. Sentimita kumi zaidi, angekuwa ameua mtu aliyegawana naye mkate miaka kumi na tisa. Na hakuwa amezubaa. Alitazama kushoto. Alitazama, na hapakuwa na mtu.

Siku tatu hakula vizuri. Aliwaza kwamba siyo koti tu. Kama kushoto kumekufa kiasi hicho, basi kile kibomba cha vumbi hakitatosha, na daktari aliyeufuata mtihani anakwenda kutibu jicho la mtu asiyekuwepo. Akisema, foko inakwenda. Asiposema, jicho linakwenda. Alijaribu kutafuta njia ya tatu, akaikosa, akaikasirikia dunia nzima, hadi binti yake akahamia chumba cha nyuma.

Jumatano akafika hospitali bado hajaamua. Wakamvisha gauni la kijani, wakamlaza, wakamdondoshea ganzi kwenye jicho la kushoto, wakamfunika uso kitambaa chenye tundu. Juu yake taa kubwa ya darubini ikawashwa, nyeupe. Akasikia vyuma vikigongana kwenye sinia, na daktari akivuta kiti.

"Uko tayari, mama?"

"Weka hicho kitu chini," Jemadari alisema. "Ule mtihani niliuiba."

Akaeleza yote pale pale chali, kitambaa usoni, krr na taa, milio saba na mmoja wa kuacha. Nesi akaanza kucheka, akajizuia. Daktari hakucheka. Akasikika akivua glovu.

"Miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Unajua ningefanya nini leo?" Ule upole wa sauti ulikuwa umekwisha. "Ningekuwekea kibomba, nikakuambia umepona, ukaenda zako. Na jicho lingeendelea kufa, mimi nikiangalia karatasi nzuri. Ungenifanya niwe mwongo wako wa pili."

"Najua. Nilidhani nakukomoa wewe na meneja. Kumbe mwenye jicho ni mimi."

"Nikipima upya, siwezi kuandika kwamba unafaa kuendesha."

"Nimekuomba uandike hivyo? Pima."

Akapimwa kesho yake, dawa ikiwa imeshatoka machoni. Mashine ile ile, bakuli lile lile. Krr. Kidole kikataka kwenda, akakizuia. Krr. Akakizuia tena. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kunyamaza ni kazi nzito kiasi hicho. Milio ikapita, ikapita, yeye ametazama doa la katikati, kidole juu ya kitufe, na kila mlio aliouacha ulikuwa unamtajia sehemu nyingine isiyokuwepo. Machozi yalimtoka, siyo ya huzuni, ya hasira, na aliyaacha yatiririke kwa sababu alikatazwa kusogeza uso.

Karatasi ikatoka. Kulia kulikuwa na doa moja juu, la kijivu. Kushoto kulikuwa kweusi pande zote, na katikati kumebaki kipande kidogo cheupe.

"Kilichopotea hakirudi," daktari alisema. Alikuwa amerudi kwenye sauti yake ya kawaida. "Sasa tunalinda kilichobaki. Jicho la kulia bado linafaa ule upasuaji mdogo, Jumanne ijayo. La kushoto nitalifanyia ule mkubwa wiki tatu baadaye."

"Na barua ya meneja?"

"Nitaiandika leo."

"Nipe mkononi. Nitaipeleka mwenyewe, sitaki asome habari zangu kabla yangu."

Jumanne ikafika. Safari hii alilala pale kama mtu aliyekuja kudai haki yake. Daktari alimwambia atazame taa na asisogee, naye akamwambia daktari asinong'one na nesi, maana mwenye jicho yuko macho. Hakusikia maumivu. Alisikia maji ya baridi yakipita, akaona taa ikigawanyika vipande vyekundu na bluu, kisha kitu kama kivuli cha sindano kikaingia kutoka pembeni, kikasimama, kikasogea kidogo, kikatoka. Akahesabu pumzi zake asije akatikisika. Alikuwa anaogopa sana, na aliogopa huku ametulia tuli.

"Kimeingia," daktari alisema. "Kimekaa mahali pake."

"Umekiona?"

"Nakiona. Maji yanapita."

Dakika ishirini, kwisha. Saa sita mchana alikuwa barabarani, kinga ya plastiki juu ya jicho, binti yake akitaka kumshika kiwiko na yeye akikivuta. Kesho yake presha ya jicho lile ilikuwa kumi na tano. Daktari akaitaja mara mbili, na Jemadari akamtaka airudie mara ya tatu.

Baada ya siku kumi akaingia ofisini kwa meneja, akaweka barua mezani. Meneja akaisoma, akavua miwani, akaanza yale maneno yao: mama umetumikia, mama umechoka, nenda kapumzike na wajukuu.

"Sina mjukuu na sijachoka," Jemadari alisema. "Foko nimeacha mwenyewe. Kwenye meza ya kupokea mizigo kuna kijana anayehesabu katoni na kukosea kila wiki. Meza hiyo naitaka. Na jambo la pili, ule mtihani wenu wa taa ni bure, wote niliwafundisha kuuiba."

Meneja alibadilika rangi. Akainuka, akafunga mlango. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kama madereva nusu watakutwa na kasoro, mzigo hautoki, wateja wanakimbia. Meza ya kupokea ataipata, hilo halina shaka, ila hayo ya mtihani ayaache hapo hapo ofisini. Wataliangalia mwakani.

"Mwakani," Jemadari alirudia. Akafungua ule mlango, akauacha wazi.

Madereva walikuwa kwenye uwanja wa mbele, wanajiandaa kuwasha. Akasimama katikati yao, jicho la kulia bado jekundu kidogo, akawaambia yote bila kupamba: koti, karatasi nyeusi, kibomba, barua. Akawaambia warudi kupimwa, safari hii wabonyeze wanachokiona tu. Mfukoni alikuwa na karatasi saba za kliniki, jina la daktari juu, siku za kupima chini.

Wakamgeuka. Ulitegemea nini? Mmoja akasema wewe umeshapata dawa yako, sasa unatumwagia mtama. Mwingine akasema wanawe watatu hawali karatasi. Wa tatu, ambaye hakuwahi kumpandishia sauti, akamwita msaliti mbele ya watu wote, na hakuna aliyemkemea.

Liliuma. Tusidanganyane, liliuma kuliko kitu chochote cha hospitali. Aliwatazama wanaume aliokula nao, akawaona mmoja mmoja, na ilimbidi ageuze kichwa kizima ili awaone wa kushoto.

"Nichukieni," aliwaambia. "Nichukieni miaka ishirini. Mtu akinichukia huku ananiona, mimi sina neno naye. Niliwafundisha upuuzi na nimekuja kuufuta, na meneja amenikataza, na nyinyi mnanikataza, na kesho nitasimama hapa tena."

Wakawasha foko zao, wakamwachia moshi na honi. Karatasi hakuchukua mtu. Uwanjani akabaki Taratibu peke yake, aliyekuwa amekaa juu ya foko ya Jemadari, maana ndiyo aliyokabidhiwa asubuhi ile. Injini ilikuwa inanguruma. Uso wake ulikuwa na aibu ya mtu aliyerithi cha mtu aliye hai.

"Usiwasikilize, dada," alisema. "Watapoa. Mimi mwenyewe sina shida yoyote, naona mpaka nzi kule ukutani. Lakini kwa heshima yako lete hiyo karatasi, nitakwenda siku moja, uridhike."

Jemadari alikuwa amesimama kando ya ngazi ya foko, upande wa kushoto wa Taratibu, nyuma kidogo ya bega lake. Akachomoa karatasi, akainyoosha.

Taratibu alikuwa anatazama mbele, kwenye ule ujia wa nne, akitabasamu. Akangoja.

"Lete basi," alisema.

Karatasi ilikuwa pale, shibiri moja kutoka kwenye shavu lake. Jemadari akaitikisa. Taratibu hakugeuka wala hakupepesa. Akaisogeza mbele polepole, kidogo, na kidogo tena, mpaka ikawa karibu kufika kwenye pua yake, ndipo mzee wa watu aliposhtuka na kurudisha kichwa nyuma.

"Ah. Kumbe unayo mkononi."

Kijiko na kikombe, yeye ndiye aliyemgongea huyu mtu, akamsahihisha mpaka akapatia.

"Zima foko, kaka," alisema.

"Nina paleti sita za kutoa kabla ya saa nne."

"Nitakwenda na wewe. Tunaondoka sasa hivi. Zima, ushuke."

Taratibu akamtazama, kisha akaitazama karatasi, kisha akatazama kule ilikotokea. Mkono wake ukakaa juu ya ufunguo muda mrefu. Halafu akazima.